Wasomaji Wanauliza: Moshi Mchungu na Nyama Iliyogoma

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu nyama ya kuiva kwa moshi nyumbani. Tumechagua zile ambazo shida yake huwakuta wengi.

Nyama yangu hutoka nyeusi kwa nje, tena chungu, na ulimi hubaki na ganzi. Nilidhani moshi ukizidi ndio utamu unazidi. Nakosea wapi?

Kwenye hewa. Moshi mzito mweupe ni dalili kwamba kuni hazipati hewa ya kutosha kuungua sawasawa, au bado ni mbichi. Moshi huo hubeba masizi na lami, na vyote huganda juu ya nyama. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wa rangi ya samawati hafifu. Ukiwa hatua chache tu kutoka jikoni unaweza kudhani moto umezimika.

Tundu la juu, linalotoa moshi, liache wazi muda wote. Joto liongoze kwa tundu la chini linaloingiza hewa: ukilibana moto hupungua, ukilifungua hupanda. Wanaoziba la juu ili moshi usipotee huufungia ndani moshi mchafu. Ukishalisogeza la chini, ngoja dakika 10 hadi 15 kabla ya kuligusa tena, kwani jiko huchelewa kuitika, na anayelihangaikia kila dakika huishia kulikimbiza joto juu na chini mchana kutwa.

Mkaa usukume upande mmoja, nyama ikae upande wa pili. Usiiweke mpaka mkaa ufunikwe na majivu meupe na ule moshi wa mwanzo uishe. Kwa kipande cha kilo 3, magogo manne ya ukubwa wa ngumi yanatosha kabisa, yakiongezwa moja moja juu ya mkaa uliokolea. Yawe makavu, ya mti mgumu au wa matunda. Msonobari na mwerezi vina utomvu unaotoa masizi. Mbao zilizopakwa rangi, zilizotiwa dawa, na plaiwudi zisikaribie kabisa jiko la chakula: moshi wake ni sumu.

Mafuta ya kuwashia nayo huacha harufu kwenye nyama. Tumia kopo refu la bati lililo wazi juu, lenye matundu chini: karatasi chini, mkaa juu, na baada ya dakika 15 hadi 20 umeshika wote.

Huwa naloweka kuni usiku kucha ili zifuke zaidi. Ni sawa?

Acha. Maji hayapenyi ndani sana kwenye mti mgumu, na hayo yaliyoingia lazima yachemke yaishe kwanza ndipo kuni ianze kufuka. Unachokiona dakika za mwanzo ni mvuke, na wakati huohuo umeupoza mkaa wako.

Kidari cha ng'ombe kilipanda vizuri hadi nyuzijoto 68 za Selsiasi, kisha kikagoma kwa saa tatu. Nikaongeza mkaa, kikaungua nje. Kilikuwa na kasoro gani?

Hakikuwa na kasoro yoyote. Nyama kubwa ikifika kati ya nyuzijoto 65 na 75, unyevu unaotoka juu yake hukauka kwa kasi inayotosha kuondoa joto lote linaloingia, kama jasho linavyoupoza mwili. Uso ukishakauka, joto hupanda tena lenyewe. Kuongeza moto hukausha nje kabla ndani hakujawa tayari, na ndicho kilichokupata.

Una njia mbili: kuvumilia, au kufunga. Ukifunga, ngoja ganda la nje liwe la kahawia iliyoiva na lisibanduke ukilikwaruza kwa ukucha. Foili huharakisha zaidi lakini hulainisha ganda. Karatasi ya bucha isiyo na nta huchelewa kidogo na hulitunza. Sisi tungechagua karatasi. Jiko libaki kati ya nyuzijoto 110 na 135, na ulipime pale wavu ulipo, kwa maana kipimajoto cha kwenye kifuniko hupima hewa ya juu, si ile inayoizunguka nyama.

Kidari kikifika nyuzijoto 75 kinalika bila hatari, ila hakitafuniki. Kimejaa kolajeni, ile protini ngumu inayoshikanisha nyama, na hiyo hugeuka jelatini laini polepole tu, kwa saa nyingi za joto. Anza kukijaribu kwenye nyuzijoto 93: sindano ya kipimajoto iingie bila kukwama, hasa sehemu nene. Kimoja huwa tayari kwenye 93, kingine mpaka 97, kwa hiyo sikiliza sindano kuliko namba. Kisha kipumzike saa moja au mbili kikiwa kimefungwa, ndani ya kasha la barafu lisilo na barafu, kikizungushiwa taulo. Kukikata, vuka nyuzi zake. Kikishaiva hazionekani vizuri, hivyo weka alama ya kisu kwenye kona kabla hujakipika. Kidari cha kilo 5 huchukua saa 10 hadi 16. Usiwaalike wageni kwa kutegemea ile ndogo.

Kuku wangu ana ngozi kama mpira, na karibu na mfupa bado pekundu. Nimpike tena?

Pima kwanza. Wekundu karibu na mfupa unaweza kutoka kwenye uboho, na moshi wenyewe huiachia nyama rangi ya waridi. Penye kidari, sehemu nene, sindano isiguse mfupa: nyuzijoto 74 inatosha. Paja huwa tamu zaidi likifika 80 au zaidi kidogo.

Ngozi ni suala la moto. Kwenye nyuzijoto 110 mafuta yake hayayeyuki vya kutosha, kwa hiyo kuku mpike kwenye 160 hadi 180. Mkaushe kwa kitambaa, mpake chumvi, mwache bila kufunikwa kwenye friji usiku mzima.

Chumvi kiasi gani, na mchuzi mtamu nipake lini?

Gramu 12 hadi 15 kwa kila kilo ya nyama, saa 12 au zaidi kabla ya moto, ili ipate muda wa kuzama. Mchuzi wenye sukari paka dakika 15 za mwisho. Ukitangulia huungua ukawa mchungu.

Mvua ikinyesha katikati ya kazi, naweza kuhamishia jiko kwenye gereji nikaacha mlango wazi?

Hapana, hata mlango uwe wazi kabisa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua kabla mtu hajajua kilichompata. Nyama iliyokwisha kufungwa haihitaji tena moshi, kwa hiyo ihamishie kwenye oveni ya jikoni, nyuzijoto 120, na uendelee kuijaribu kwa sindano ileile. Jiko lenyewe libaki huko nje, matundu yote yakiwa yamezibwa, mpaka mkaa uzimike na kupoa kabisa.