MRI imetoka safi, mbona bado unasahau?

Kama una kifafa na unasahau sana, huenda umeshaambiwa kwamba picha ya ubongo ya MRI, ile inayopigwa kwa mashine ya sumaku, imetoka safi. Nyumbani wakisikia hivyo wanafunga mjadala: basi huyu anajisahaulisha, au ni uvivu. Mimi nina duka la rejareja, na kifafa changu huanzia upande wa kushoto wa ubongo, usawa wa sikio. Kuanguka kunanisumbua, ila kinachonitia aibu zaidi ni kumkopesha mtu sukari asubuhi, kisha jioni nikamuuliza jina lake.

Picha safi haikanushi usahaulifu wako. Ubongo una sehemu ya kijivu, zilipo seli zenyewe, na sehemu nyeupe, yaani mafungu ya nyuzi zinazounganisha seli za huku na za kule. Habari mpya huhifadhiwa kwa msaada wa hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo usawa wa sikio, lakini hipokampasi haifanyi kazi peke yake. Inategemea nyuzi zinazoingia na kutoka. MRI tunayopigwa wengi wetu hutafuta kovu, uvimbe au mishipa ya damu yenye hitilafu. Mabadiliko madogo kwenye nyuzi huyapita.

Kuna aina ya MRI, iliyoelezwa na watafiti mwaka 1994, inayopima jinsi maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Maji hufuata urefu wa nyuzi kwa urahisi kuliko kuzikata, kama yaliyo ndani ya fungu la matete. Nyuzi zikidhoofika, yanatawanyika. Kwa njia hii watafiti wameona kwamba kwa watu wenye kifafa cha aina yangu, nyuzi huweza kuwa zimebadilika hata mbali na pale kifafa kinapoanzia, na mabadiliko hayo yamehusishwa na kumbukumbu dhaifu. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa kimataifa liitwalo ENIGMA lilikusanya picha kutoka nchi mbalimbali na kukuta hali hiyo katika aina kadhaa za kifafa.

Je, ukakitafute kipimo hicho? Kwa maoni yangu, hapana, labda kama unaandaliwa kwa upasuaji, maana hapo humsaidia daktari kujua nyuzi zipi azikwepe. Kinachoonekana kwa kundi la wagonjwa si lazima kieleze usahaulifu wa mtu mmoja, na hela yenyewe ni bora ibaki kwenye dawa.

Ila MRI ya kawaida nayo ina namna ya kupigwa. Mwombe daktari aandike kwenye fomu kwamba una kifafa na anashuku kinaanzia wapi, ili picha zipigwe kwa namna inayoonyesha hipokampasi vizuri. Kama ulipigwa CT scan tu, yaani picha ya eksirei ya kompyuta, ukaambiwa uko sawa, uliza kuhusu MRI, kwa sababu kovu la hipokampasi huweza kupita bila kuonekana kwenye CT. Na kama una chuma chochote mwilini, sema kabla hujaingia chumbani.

Halafu omba kumbukumbu yenyewe ipimwe. Unasomewa orodha ya maneno, unaulizwa baada ya muda. Unaonyeshwa michoro, unaichora tena. Kwa watu wengi upande wa kushoto hubeba zaidi maneno, kwa hiyo kuyasahau majina ya wateja huku nikikumbuka sura zao si kioja.

Dawa nazo zisisahaulike. Phenobarbital na topiramate zinajulikana kuwafanya baadhi ya watu wawe wazito wa kufikiri au washindwe kupata neno. Mwambie daktari, naye ataangalia dozi au abadilishe. Usiziache mwenyewe: kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na hilo linaua. Usingizi mbovu na huzuni ya muda mrefu pia hula kumbukumbu, na hivyo vinatibika.

Dukani nimeacha kutegemea kichwa. Anayekopa anaandika mwenyewe kwenye daftari la madeni, mbele yangu, kabla mzigo haujavuka kaunta. Dawa ziko kwenye kiboksi chenye siku za wiki, na simu inalia saa ya kumeza. Kliniki naenda na dada yangu, maana kuna vipindi naduwaa dakika nzima bila kuanguka wala kujua, na yeye ndiye anayeviandika tarehe.