Kabla Hujaahidi Ruzuku, Uliza Kampuni Dada

Juzi dada mmoja aliyeanza kazi kwenye halmashauri huko Uingereza aliniandikia. Ana jengo bovu katikati ya mji, ana mwekezaji aliye tayari, ana fedha za ruzuku, na bosi anamhimiza asaini kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Anauliza: je, kuna tatizo? Niliposoma, tumbo lilinikaza, maana nami nilipita hapohapo.

Langu lilikuwa duka kubwa la zamani. Ghorofani ndoo saba zilipangwa kukinga maji ya mvua, na mlinzi alizimwaga kila asubuhi. Nililipenda jengo lile. Sisi wa halmashauri tukakubaliana kumpa mwenye jengo paundi 180,000 aezeke upya, kwa njia ya msaada mdogo wa fedha. Sheria ya Uingereza ya Udhibiti wa Ruzuku ya 2022 inairuhusu njia hiyo mradi kampuni isipokee zaidi ya paundi 315,000 ndani ya mwaka wa fedha uliopo na miwili iliyotangulia. Ni njia ya mkato: huhitaji kupima ruzuku kwa kanuni saba za sheria hiyo. Unamwandikia mwenye kampuni kiasi unachotaka kumpa, naye anathibitisha kwa maandishi kwamba hatavuka kikomo.

Alithibitisha, nikaridhika. Siku nne kabla ya kusaini, mhasibu wake akataja kwenye simu, kwa kupitia tu, kwamba kampuni nyingine ya mwenye jengo, yaani kampuni dada, ilishapata paundi 200,000 kwa njia hiyohiyo mwaka uliopita, kutoka mamlaka nyingine. Kisheria, kampuni zilizo chini ya mkono mmoja huhesabiwa kuwa kampuni moja. Tulikuwa tumevuka kwa 65,000.

Nilisemwa mbele ya kikao kizima. Bosi aliyekuwa akinikimbiza nisaini kila siku alinyamaza kimya, na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini ambaye hakuuliza swali la kampuni dada ni mimi, si mwingine.

Tulirudi kwenye kanuni saba. Ilichukua miezi mitano, sitawachosha. Ilibidi tuonyeshe kwamba bila fedha zetu paa lisingeezekwa, kwamba kiasi kinaziba pengo tu, na kwamba faida inazidi madhara kwa ushindani. Mshindani akipinga ruzuku kwenye Mahakama ya Rufaa ya Ushindani akashinda, fedha zinaweza kuamriwa zirudishwe. Ndoo zilifika kumi na moja. Leo paa lipo, na kila nikipita pale natazama juu kwanza.

Ndugu zangu, tunaopenda kuona miji ikifufuka tuna haraka ya kuahidi. Uliza mapema. Uliza kwa maandishi. Akijibu, uliza tena kwa maneno mengine, maana mtu hujibu alichoulizwa.

Dada, kabla hujafunga ofisi leo mtumie mwekezaji wako hivi: “Naomba orodha ya kampuni zote unazozimiliki au kuziongoza, na msaada wowote wa serikali ambao kila moja imepata tangu mwanzo wa mwaka wa fedha wa juzi, yaani miwili kabla ya huu.” Majibu yakija, niandikie tena.