Siyo iPhone iliyoanza
Ndugu, unasema iPhone ya 2007 ndiyo ya kwanza kukusanya vifaa vingi kwenye simu moja, lakini hapana, haikuwa ya kwanza. Simu iitwayo IBM Simon iliuzwa Marekani tangu 1994 ikiwa na faksi, barua pepe, kalenda na kikokotoo, tena kwa skrini ya kugusa! Kamera haikuwa nayo. Mimi ni fundi simu hapa Kampala, na hata Nokia 1100 ya 2003 ilikuwa na tochi, alamu na kikokotoo. Redio haikuwemo, usichanganye na hizi katochi za sasa, yaani simu ndogo za vitufe zenye tochi, ambazo zina redio. Nazo nyingi hazishiki stesheni vizuri mpaka uchomeke waya wa masikioni, maana huo ndio antena yake.