Maswali ya Wasomaji: Kesi ya McMartin na swali lililotangulia jibu

SWALI: Nimetazama mchezo wa mahakamani unaotokana na kesi ya shule ya chekechea ya McMartin huko Marekani. Kuna mahali polisi wanawaandikia wazazi barua, na mji mzima unalipuka. Ni kweli, au wametia chumvi?

JIBU: Ni kweli. Agosti 1983 mzazi mmoja wa Manhattan Beach, California, aliripoti kwamba mwanawe alidhalilishwa kingono na mwalimu wa kiume. Mwalimu alikamatwa, akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Tarehe 8 Septemba polisi wakatuma barua kwa familia zipatazo 200 ambazo watoto wao walisoma au walikuwa wamesoma pale. Barua ilimtaja mshukiwa kwa jina, ikaorodhesha vitendo vya kuulizia, ikawataka wazazi wawahoji watoto wao wenyewe. Kisha ikawaomba watunze siri. Familia 200, siri! Tangu siku hiyo hakuna mpelelezi aliyeweza kutenganisha alichokumbuka mtoto na alichokisikia sebuleni kwao.

Machi 1984 walishtakiwa watu 7: yule mwalimu na wanawake 6, akiwemo bibi kizee aliyeanzisha shule.

SWALI: Lakini mamia ya watoto watasemaje uongo mmoja?

JIBU: Neno "uongo" ndilo linalotupoteza. Mtoto wa miaka 4 akihojiwa hivi mara nyingi hamdanganyi mtu mzima; anamtafutia jibu ambalo mtu mzima huyo analitaka. Tazama mahojiano yalivyokwenda: mhojaji anashika vikaragosi, anamwambia mtoto kwamba wenzake wameshafichua siri mbaya za shuleni. Mtoto akisema hapana, swali linarudi, mara ya pili, ya tatu. Akikubali anasifiwa kwa akili zake. Akishikilia hapana anaonyeshwa kwamba hasaidii. Akikwama anaambiwa, haya, tujifanye tu ingekuwaje. Hapo ndipo zilipotoka habari za mahandaki chini ya shule na za wachawi wanaoruka.

Mwaka 1998 watafiti walizijaribu mbinu hizo kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 kuhusu mgeni aliyewatembelea darasani. Walioulizwa maswali ya kuongoza peke yake walimsingizia katika asilimia 17 hivi ya majibu. Yalipoongezwa sifa, lawama na "wenzako wamesema", idadi ikaruka hadi asilimia 58. Mahojiano yenyewe hayakufika hata dakika 5.

Bahati, kama tunaweza kuiita hivyo, ni kwamba mahojiano ya McMartin yalirekodiwa kwa video. Kanda zilizokusudiwa kuwafunga washtakiwa ndizo zilizowaokoa, kwa sababu wajumbe wa baraza la juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, walilisikia swali pamoja na jibu. Na tuwe waadilifu: baada ya hukumu, wajumbe 9 kati ya 11 waliozungumza na waandishi walisema wanaamini kuna watoto waliodhalilishwa, ila ushahidi hauwaonyeshi nani alifanya. Maswali mabaya humwachia pia mkosaji wa kweli, kama yupo.

SWALI: Kesi iliishaje?

JIBU: Kwa uchovu. Mapema 1986 mashtaka dhidi ya watu 5 yalifutwa. Wawili waliobaki, mwalimu na mama yake, walisikilizwa hadi Januari 1990. Mama aliachiwa kabisa, mwana aliachiwa kwa mashtaka mengi, na yaliyobaki yakarudiwa mwaka huohuo bila juri kukubaliana. Yakafutwa. Hakuna aliyetiwa hatiani, na gharama ilifika dola milioni 15 hivi. Mwalimu alikuwa ameshakaa mahabusu miaka 5.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa wadogo. Mtoto akiniambia jambo zito, nifanyeje nisiharibu ushahidi?

JIBU: Kwanza mpokee, woga wa kesi kama hii usikufanye umnyamazishe. Wewe si mhojaji. Uliza "Ehe, niambie zaidi" au "Kisha ikawaje?", basi. Usiulize "Fulani alikushika?", kwa sababu jina na kitendo vyote vimetoka kinywani mwako. Usimwahidi kwamba utaficha, usimpe zawadi ya kusema, usimwite mwalimu mwingine aje amsikilize tena, wala usiwapigie wazazi wa darasa zima.

Ripoti siku hiyohiyo kwa mamlaka zinazohusika. Mahojiano yafanywe na mtu aliyefunzwa, na kinasa kiwashwe tangu salamu ya kwanza. Mhojaji mzuri huanza kwa kumwambia mtoto kwamba "sijui" ni jibu halali na kwamba anaruhusiwa kumsahihisha, kisha humzoesha kusimulia kwa jambo la kawaida, tuseme mchezo alioucheza jana, kabla ya kugusa lililowaleta.

Kwenye daftari lako andika saa, mahali, na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka. Akisema "dudu", andika "dudu", usilisafishe. Na juu ya kila jibu andika swali ulilomuuliza, hata kama unaona sasa kwamba lilikuwa baya.