Peke yake, pekee, na baa "aliyokulia"

SWALI: Ninaongoza watalii hapa Kigoma. Mgeni mmoja ameniachia maandishi ya safari zake niyatie Kiswahili. Mahali fulani anaeleza mlo alioula bila mwenzake kwenye pabu ya mtindo wa Ayalandi. Nimeandika hivi: "Msafiri alikaa pekee yake kwenye meza ya pembeni, katika baa ya Kiayalandi aliyokulia chakula cha jioni." Mwenzangu anasema "pekee yake" ni kosa. Je, ni kweli? Na hiyo pabu niiite baa, kilabu au mgahawa?

JIBU: Mwenzako amesema kweli. Andika "alikaa peke yake". Ila sentensi hiyo ina kosa la pili kubwa kuliko hilo, nalo tutalifikia.

"Peke" haisimami yenyewe. Lazima ifuatwe na kimilikishi: peke yangu, peke yako, peke yake, peke yetu, peke yenu, peke yao. Maana yake ni kuwa bila mwenzi au bila kitu kingine pembeni. "Pekee" inajitosha, haitaki "yake" nyuma yake. Yenyewe hubagua: huyu na si mwingine. Ukiiwekea kihusishi cha "a" unganifu (wa, ya, cha) mbele, kama katika "mtoto wa pekee" au "ladha ya pekee", unasema hakuna cha kufanana nacho.

Ukitatizika, jaribu kubadilisha maneno. Mahali panapokubali "bila mwenzake", weka "peke yake". Panapokubali "tu", weka "pekee". Tazama tofauti inayotokea mezani. "Alikula peke yake" ni mtu aliyekula bila wa kuzungumza naye. "Yeye pekee alikula" ni mtu aliyekula huku wenziwe wote wakikaa na njaa. Mgeni wako akisoma ya pili atashangaa hao wengine wametoka wapi.

Kwenye chakula tofauti ni ya kila siku. Mtu akiagiza "mgebuka peke yake", anataka samaki asiyeandamana na ugali. "Nimebakiza migebuka pekee" ni kauli ya mpishi aliyeishiwa dagaa na kuhe. Na "mgebuka wa pekee" ni yule ambaye mlaji atamsimulia hadi Ujiji. Mgebuka ni uleule, habari tatu.

Kosa hili linatoka masikioni. Katika "pekee" mkazo huangukia silabi ya pili, pe-KE-e. Katika "peke yake" uko mwanzo wa kila neno: PE-ke YA-ke. Mtu akisema haraka, irabu ya mwisho ya "peke" huteleza kwenye "y" inayofuata, msikilizaji akadhani amesikia "e" mbili. Akishika kalamu anaandika alichodhani. Liko pia kosa la jirani yake, "kiti kilikuwa peke chake". Hapana. Kimilikishi hicho hakifuati ngeli ya kiti, kinafuata "peke" yenyewe, kama tunavyosema "mbele yake" na "nyuma yake" hata tunapotaja kiti. Kwa hiyo: kiti kilikuwa peke yake.

Angalia pia usimwite msafiri huyo "mpweke" kwa sababu tu alikula peke yake. Upweke ni hali ya moyo. Kama maandishi yake yanasema alifurahia supu na muziki, hana upweke wowote.

Sasa kosa kubwa. "Baa aliyokulia" ni baa ambamo mtu huyo alikua, alilelewa humo tangu utotoni. Kitenzi ulichokitia hapo ni "kua", ambacho kauli yake ya kutendea ni "kulia": alikulia Kasulu, nyumba aliyokulia. Kitenzi unachokitaka ni "la", na kutendea kwake ni "lia". Kikishakuwa na silabi mbili hakihitaji tena ile "ku" tunayoiona katika "alikula". Kwa hiyo sarufi inakupa "baa aliyolia chakula". Ni sahihi kabisa, lakini ukiliondoa neno "chakula", msomaji atamwona msafiri anatokwa na machozi. Njia salama ni kutumia kirejeshi cha mahali na kitenzi cha kawaida: "katika baa alimokula". Epuka "alipokula", kwa kuwa wengi wataisoma kama "wakati alipokula".

Kuhusu jina la mahali, chagua "baa". Kilabu kwa wasomaji wengi wa Tanzania kinaleta picha ya pombe za kienyeji. Mgahawa unaleta chai na chakula, bila pombe. Baa zetu zina bia, kaunta na jiko la nyama choma, na hivyo ndivyo ilivyo karibu zaidi na pabu. Mara ya kwanza ongeza maelezo mafupi: baa ya Kiayalandi, ambako mteja mara nyingi huagiza mwenyewe kaunta. Bila hayo msomaji atashangaa kwa nini mhudumu hakuja mezani. Kiambishi "ki" hapo ni cha mtindo, kama katika "vyakula vya Kichina", hivyo baa inaweza kuwa ya Kiayalandi hata ikiwa Nairobi.

Kama mlo wenyewe ulikuwa kile chakula maarufu cha Ayalandi cha kondoo, viazi na vitunguu vilivyopikwa chungu kimoja kwa moto wa polepole, usikiite rosti, maana rosti huanza kwa kukaanga viungo na nyanya. Supu nayo ni nyepesi mno. Sisi tuna "mchemsho", na neno hilo linakaa hapo bila kulazimishwa: mchemsho wa kondoo. Bia nyeusi iache na jina lake, Guinness, na painti ya huko ni mililita 568, yaani inazidi kidogo chupa yetu ya nusu lita.

Sentensi yako basi: "Msafiri alikaa peke yake kwenye meza ya pembeni, katika baa ya Kiayalandi alimokula chakula cha jioni."