Muulize Bi Fundi: Kanga ya mnadani, tuikate au tuitunze?

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Akina mama wa usharika wetu walitandaza vitu vilivyotumika nje ya kanisa, kuchangia paa. Nilikwenda na mama mkwe na wifi. Chini ya rundo la mapazia mama mkwe akavuta kanga moja, nyekundu na nyeusi, jina lake "Wema hauozi", na pembeni kwa herufi ndogo "K.H.E. Mali ya Abdulla". Tukapewa kwa shilingi elfu mbili. Mama mkwe anasema ni ya zamani sana. Wifi anataka tuikate tushone foronya. Nimsikilize nani?
M.S., Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkasi ufichwe kwanza.

Ila hayo maandishi ya pembeni yasikupagawishe. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza Mombasa mwaka 1887, na chapa yake ipo kwenye kanga mpya pia. Chapa nyingine husaidia zaidi: yenye jina la Urafiki haiwezi kutangulia 1968, maana ndipo kiwanda kile cha Dar es Salaam kilipofunguliwa. Kabla ya viwanda vyetu, kanga nyingi zilichapwa India, Ulaya na Japani. Ukiona pembeni imetajwa Japani, lipa uende zako. Na ukikuta jina limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, hata bei usibishane.

Sasa ya kwenu. Chomoa uzi mmoja ukingoni uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, kuna poliesta humo. Kisha inyanyueni kwenye mwanga, wewe huku na wifi kule. Kanga iliyokaa kabatini miaka huchakaa kwenye mikunjo, na hapo ndipo itakapopasuka mkiifua kwa pupa. Bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa kwenye kona ya pindo. Kikitoka chekundu, ifueni peke yake, maji baridi, sabuni kidogo, bila kukamua. Ianikwe kivulini.

Kuhusu foronya, mimi nasema hapana. Kanga ni pindo, mji (ile sehemu ya katikati) na jina. Ukiikata vipande viwili, kimoja kitabaki na "Wema" na kingine "hauozi". Wifi akafute hasira kwa yale mapazia mliyoyaacha.

Mama mkwe naye muulize ameijuaje. Huenda aliivaa mwenyewe, au aliiona kwenye harusi ya mtu, na hapo mtapata mwaka bila kuchoma uzi wowote. Halafu rudini kwa wale akina mama mkaulize imetoka nyumba gani. Kanga huuzwa kwa doti. Ya pili huenda bado iko huko, imefunikwa juu ya cherehani.