Maswali na Majibu: Injini ya Dizeli kwenye Pikapu ya Petroli

Barua nyingi zilizonifikia hapa Nakuru mwezi huu zinahusu pikapu za petroli za miaka ya 1980 ambazo wenyewe wanataka kuzitia injini ya dizeli. Nimezichagua zile zinazogusa chasisi na usalama.

Nina Hilux ya petroli ya mwaka 1985 ninayobebea maziwa, nami nimepata injini ya dizeli ya Toyota aina ya 3L. Fundi anasema lazima akate krosmemba ya mbele (chuma cha mkingamo kinachounganisha mbavu mbili za chasisi) ili sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ipate nafasi. Nimruhusu? (Msomaji, Njoro)

Usimruhusu, ndugu yangu. Krosmemba ya mbele ndiyo inayozizuia mbavu mbili za chasisi zisipindane gari linapopita kwenye mashimo, na hubeba pia uzito unaotoka kwenye magurudumu. Ikishakatwa, hata ikichomelewa na fundi hodari, ni vigumu sana magurudumu kurudi katika mpangilio wake wa awali. Injini ya 3L, yenye ujazo wa sentimita za ujazo (cc) 2,779, ni ya ukoo mmoja na L na 2L, ambazo Toyota wenyewe waliziweka kwenye Hilux za rika hilo. Kwa hiyo, kabla grainda haijawashwa, tafuta Hilux ya dizeli ya rika lako iliyovunjwa, uchukue mauntingi zake (vishikizo vya injini), braketi zake (vyuma vinavyoibeba injini kwenye chasisi), na ikihitajika sampu pamoja na bomba lake la kuvuta oili. Ikiwa injini uliyonunua ilitoka kwenye Hiace, yaelekea shida yenu iko kwenye sampu, wala krosmemba haina kosa.

Mwambie fundi aining'inize injini kwa cheni ikiwa tayari imefungwa giaboksi, apime nafasi ya feni, ya boneti na ya vyuma vya usukani, kisha aache angalau sentimita tatu kati ya sampu na chuma chochote, kwa sababu dizeli hutikisika sana inapowaka na inapozimwa.

Miezi mitano baada ya kubadilisha injini, chasisi imepasuka kando ya braketi. Fundi anataka kuchomelea bamba nene zaidi juu ya ufa. (Msomaji, Kisumu)

Swali hili limenigusa, maana nimeona kosa hili mara nyingi kuliko lolote jingine, na kila mara mwenye gari huambiwa kwamba chuma chake kilikuwa kibovu. Ukiitazama mbavu ya chasisi, ule mhimili mrefu wa kando, utaona ina uso uliosimama wima na kingo mbili, ya juu na ya chini. Gari linapobeba mzigo, kingo hizo ndizo zinazovutwa na kubanwa zaidi, ilhali katikati ya uso ule wa wima pana utulivu. Braketi iliyochomelewa kwa mstari unaokata ukingo kutoka upande mmoja hadi mwingine huacha mahali palipodhoofishwa na moto pale pale panapovutwa zaidi, na ufa huanzia hapo. Bamba nene halitausaidia, kwani chuma kigumu kupita kiasi huhamisha mkunjo wote hadi mwisho wake, nawe utapata ufa mpya kando ya bamba.

Ondoeni injini na braketi. Tafuteni mwisho halisi wa ufa, mtoboe tundu dogo hapo ili usiendelee, mchonge mfereji kwa grainda, mjaze kwa rodi kavu za kuchomelea aina ya E7018, kisha msawazishe. Bamba la kuimarisha liwe na unene usiozidi ule wa chasisi yenyewe, likae kwenye uso wa wima, na ncha zake zikatwe kwa mshazari, zisiishie kwa mstari wa wima. Braketi mpya ifungwe hapo kwa bolti za daraja la uimara la 8.8 au zaidi. Tenganisheni betri na altaneta (mashine inayochaji betri) kabla ya kuchomelea.

Tangu tutie dizeli, breki zimekuwa ngumu mno. (Msomaji, Kakamega)

Mama, usiliendeshe gari hilo mpaka litengenezwe. Busta ya breki, kile chombo kinachousaidia mguu kukanyaga, ilikuwa ikitegemea mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa) ya injini ya petroli, nayo dizeli haina mvuto huo wa kutosha. Kwenye injini nyingi za Toyota za dizeli kuna pampu ndogo ya kuvuta hewa nyuma ya altaneta. Nahofia mliyofungiwa ni altaneta ya gari la petroli. Tafuteni ile yenye pampu, pamoja na mabomba yake ya oili, kwani bila oili hufa upesi.

Je, tangi la petroli linafaa? (Msomaji, Bungoma)

Linafaa likioshwa vizuri, likawa na bomba la kurudisha tangini dizeli inayozidi kwenye pampu ya injini, na ukaongeza filta inayotenga maji. Lakini tafadhali asilichomelee mtu yeyote: mvuke wa petroli hubaki ndani hata tangi likionekana kavu, nao hulipuka.

Injini niliyonunua Mombasa inatoa moshi mweusi nikipanda na viazi kuelekea Mau Summit. Imeharibika? (Msomaji, Molo)

Si lazima. Huko kwenu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano, ilhali pampu ya dizeli bado inamimina kiasi kilichopimwa kwa hewa ya Mombasa, kwenye usawa wa bahari. Safisha filta ya hewa, kisha mtaalamu wa pampu apunguze kipimo.

Lazima nibadilishe logibuku (hati ya usajili wa gari)? (Msomaji, Nakuru)

Ndiyo. Nambari ya injini na aina ya mafuta vimeandikwa humo, kwa hiyo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, lazima wajulishwe na gari likaguliwe. Dai stakabadhi ya injini kwa muuzaji siku ile ile unayolipa, na umwonyeshe fundi mahali nambari ya chasisi ilipopigwa, ili grainda na moto visipakaribie.